Jando la Miaka Mingi

Kwetu Wamwera, kama ilivyo kwa majirani zetu Wamakua, Wayao na Wamakonde, mtoto ni wa upande wa mama. Baba ana heshima yake, lakini kijana wa kiume anapokaribia utu uzima watu humgeukia mjomba. Mjomba ndiye anayeulizwa kijana ataingia jandoni lini na nani atakuwa mlezi wake kumbini. Miaka ikipita, ndiye tena anayeulizwa mbona kijana wako hana kazi, mbona haoi. Nimelelewa katika utaratibu huo. Nimefundisha shule za msingi Nachingwea mpaka nikastaafu, na dada yangu ameolewa Ruangwa. Mtoto wake wa kwanza ana usonji. Kwa hiyo swali la kijana huyu ataishi vipi baada ya kidato cha nne lilikuwa langu tangu alipozaliwa, hata kabla hatujajua hali yake inaitwaje.

Jina la hali hiyo tulilisikia hospitali ya Muhimbili, mtoto akiwa ameshaanza shule. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na lake: amepandwa na jini, amelaaniwa, mama yake alivunja mwiko akiwa mjamzito. Wala si Ruangwa tu. Mtafiti Joseph Gona na wenzake walizungumza na wazazi na wataalamu wa Kilifi na Mombasa, Kenya, wakachapisha matokeo yao mwaka 2015, na humo yamo maneno hayo hayo ya pepo, uchawi na laana, yakiwa bega kwa bega na maelezo ya matatizo ya uzazi na magonjwa. Dada yangu alipoambiwa kwamba usonji ni namna ubongo unavyokua tangu utotoni, kwamba hauambukizi wala hauletwi na malezi mabaya, alilia njia nzima ya kurudi kusini. Nadhani ulikuwa mzigo unashuka.

Daktari alitueleza vizuri kuhusu utoto. Kuhusu miaka ya baadaye hakuna aliyetueleza, nasi wakati ule hatukuuliza. Mwenye mtoto wa miaka saba anayeziba masikio kila kengele ikilia hawazii kitambulisho cha taifa.

Niliyojifunza kuhusu miaka hiyo nimeyapata katika mambo mawili, na la kwanza ni jando lenyewe.

Siwezi kulieleza lote. Ya kumbini hubaki kumbini. Nitasema lile ambalo kila mtu wa kusini analijua. Mwari hapewi hotuba. Huonyeshwa jambo, huimbiwa, hurudiwa jambo lile lile kesho na keshokutwa, na ubavuni mwake hukaa mlezi mmoja asiyebanduka. Tena huambiwa waziwazi mambo ambayo kwingine watu huyaacha yajulikane yenyewe: kwamba chumba cha wazazi hakiingiwi bila hodi, kwamba mwili una sehemu zisizoshikwa mbele za watu, kwamba mkubwa akifika unampisha kiti. Watoto wengi wangeyaokota hayo kwa kutazama nyuso za watu. Mpwa wangu hasomi nyuso, na jambo lisilosemwa kwake halipo. Kumbini ndipo alipokutana kwa mara ya kwanza na watu wazima wanaosema kila kitu.

Tohara alifanyiwa hospitali, kwa ganzi, kama familia nyingi zinavyofanya siku hizi. Mafunzo akayapata likizo ya Desemba pamoja na wenzake. Kabla hajaingia nilikaa na nyakanga, mkuu wa jando, tukaelewana: ngoma zipigwe mbali naye, aambiwe kila jioni kesho kutakuwa na nini, na asishtuliwe usiku. Jando lina sehemu ya vitisho, ya kumtia kijana hofu ili akomae. Sehemu hiyo niliikataa, na mzee yule, Mungu amrehemu, alikubali bila ubishi. Aliniambia kwamba hofu ni ya wanaohitaji kuvunjwa kiburi, na huyu hana kiburi. Wazee wengine walihofu kwamba atatoa siri, kwa sababu hajui kudanganya. Mpaka leo hajatoa hata moja. Aliambiwa haisemwi, basi haisemwi.

Upungufu wa jando ni muda wake. Majuma machache yanapita, vijana wanatoka wakiwa na nguo mpya, watu wanacheza na kutuza, na ukoo mzima unahesabu kwamba kazi imekwisha. Kwa kijana mwenye usonji kazi ndiyo kwanza inaanza. Anahitaji mlezi yule yule, kurudiarudia kule kule na uwazi ule ule, lakini kwa miaka, na si porini bali mahali pale atakapoishi: sokoni, kisimani, shambani, msikitini, stendi.

La pili lilitoka mbali sana. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Marekani aliandika habari za watoto 11 wenye hali ambayo leo tunaiita usonji. Wa kwanza katika maandishi hayo ni mtoto wa Forest, mji mdogo wa jimbo la Mississippi, aitwaye Donald Triplett. Wazazi wake walimpeleka akae kwa mtu na mkewe, wakulima wa karibu na kwao. Mwaka 1945 Kanner alikwenda kumtazama akaduwaa. Mtoto alikuwa hawezi kuacha kupimapima vitu, basi wale wakulima wakampa kazi ya kuchimba kisima na kuwaambia kimefika kina gani. Alikuwa akihesabu mistari ya mahindi bila kuchoka, basi wakamkabidhi farasi na jembe, ahesabu huku akilima. Donald alikua, akasoma chuo, akafanya kazi benki, akaendesha gari, akasafiri nchi nyingi peke yake. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89, mjini kwao, akijulikana na kila mtu. Ni kweli kwamba familia yake ilikuwa na mali, na benki ile ilikuwa yao. Sisi hatuna benki. Lakini busara ya wale wakulima haikununuliwa kwa fedha. Hawakumnyang'anya mtoto kile alichokipenda, walikipa kazi.

Nilipoisoma habari hiyo nilimfikiria mpwa wangu na mabasi.

Tangu darasa la tano alikuwa habanduki stendi ya Ruangwa. Anajua basi lipi linatoka Dar, lipi Lindi, lipi Masasi, linaingia saa ngapi, dereva nani, namba zake za usajili, na wiki iliyopita lilichelewa kwa nini. Nyumbani waliona aibu. Baba yake alikuwa akimtuma mdogo wake wa kike amfuate jioni amrudishe, naye akirudi analia mpaka usiku. Alipofika kidato cha kwanza nilimwambia dada yangu: tusimtoe stendi, tumtafutie kazi ya stendi.

Kila mtu wa wilayani anajua jinsi bidhaa zinavyofika. Mwenye duka la dawa, muuza vipuri vya pikipiki, fundi simu, wote huagiza Dar, mzigo hupakiwa kwenye basi, na namba ya risiti hutumwa kwa simu. Kisha mtu lazima aende kuusubiri. Basi likichelewa, duka linafungwa au mzigo unalala. Nilikwenda kwa muuza vipuri mmoja tunayefahamiana, nikamwomba amjaribu kijana wangu siku za Jumamosi, nami nikiwapo.

Tulifundishana kwa hatua, na hatukuvuka hatua kabla haijakaa. Kwanza kulinganisha namba ya risiti na namba iliyoandikwa kwenye mzigo, hilo tu, mchana kutwa. Halafu kumwambia konda sentensi moja: "Nimetumwa kuchukua mzigo wa fulani, namba hii hapa." Halafu kusaini. Halafu kuubeba mpaka dukani kwa njia ile ile, bila kufungua, na kuukabidhi mkononi mwa mwenyewe, si kwa mtu aliyesimama mlangoni. Mwisho kupokea ujira na kuuandika kwenye daftari. Lile daftari baadaye lilimwokoa. Mfanyabiashara mmoja alikuwa akimlipa pungufu kwa kudhani hatajua, naye akafika na daftari lake, akamsomea tarehe na shilingi zinazodaiwa mbele ya wateja. Hakuwa akimwaibisha. Alikuwa anasoma kilichoandikwa. Alilipwa zote.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa kuwafundisha wengine. Stendi ni mahali pa kelele: wapiga debe wanaita abiria, honi zinalia, bodaboda zinakatiza, makuli wanasukumana. Walikuwa wakimshika bega kwa nyuma, wanamfokea kwa utani, wanamwita zezeta. Nilikaa nao kwenye benchi la mama lishe, nikawaeleza kama nilivyokuwa nikieleza wazazi shuleni. Msimguse bila yeye kuwaona. Mwambieni jambo moja, mngoje ajibu. Akiziba masikio mwacheni, atarudi mwenyewe. Kuna kuli mmoja, mtu mzima, aliyesikiliza bila kusema neno. Kesho yake alimtengea nafasi nyuma ya kibanda cha tiketi, mahali ambapo kelele inapungua, akamwambia, "Hapa ni pako." Huyo ndiye aliyekuwa mlezi wake wa stendi. Hakusomea elimu maalum chuo cha Patandi, na sikumfundisha mimi. Alijua tu kazi ya mlezi, kwa sababu naye alipita kumbini.

Kuhusu mambo ya nyumbani, mtu mmoja mwema aliniletea orodha ya stadi za maisha iliyoandikwa ughaibuni. Ilikuwa na mashine ya kufulia, jiko la umeme, kusoma ratiba ya treni. Nachingwea tunajua mipango inayofika kabla udongo haujaonjwa. Mwaka 1947 Waingereza walileta mradi wao mkubwa wa karanga, wakajenga na reli kutoka pwani. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umekwisha kuvunjwa, na baadaye reli yenyewe iling'olewa. Basi tukaiweka orodha ile pembeni, mimi na dada tukaandika ya kwetu: kuwasha mkaa, kufua kwa mikono, kupanga foleni bombani, kuvuka barabara yenye bodaboda, kukaa msibani, kusalimia.

Kusalimia kulituchukua muda mrefu kuliko nilivyotazamia. Tulikuwa tumemwambia, "Shikamoo ni ya aliyekuzidi umri." Akaanza kumuuliza kila mtu njiani, "Umezaliwa mwaka gani?", ili ajue amsalimie vipi. Watu wakaona anatukana. Kumbe alikuwa anatii. Tukabadilisha kanuni ikawa ile anayoweza kuitumia: kila unayemwita baba, mama, babu, bibi, mjomba, shangazi, mwalimu au mzee, mpe shikamoo; waliobaki, habari. Anakosea mara chache sana siku hizi, na akikosea huwa ameamkia mtu asiyestahili, jambo ambalo halijamkasirisha mtu yeyote Ruangwa.

Msiba nao nauweka juu kuliko wengi watakavyouweka. Katika vijiji vyetu mtu mzima hupimwa kwa kuhudhuria msiba. Asiyefika kwa wenzake, siku yake watu hawafiki. Familia nyingi humficha kijana mwenye usonji siku hizo, kwa kuhofu atacheka au atauliza maswali mbele ya wafiwa. Tulimwonyesha kwanza kwa maneno, halafu kwa misiba ya mbali kidogo, tukikaa pembeni na kuondoka mapema: unavaa kofia, unakaa mkekani upande wa wanaume, unatoa rambirambi kwa anayeandika majina, makaburini unatia udongo kama wengine, unarudi. Alipofariki nyakanga yule, mpwa wangu alikwenda mwenyewe kwa miguu, akafanya kila kitu kwa mpangilio wake. Mtoto wa marehemu alinishika mkono akaniambia, "Mjomba, kijana wako ni mtu mzima." Sijawahi kupata cheti kilichonifurahisha hivyo.

Simu ilitutisha. Mtanzania gani hajapata ule ujumbe wa matapeli unaosema ile hela itume kwenye namba hii? Wengi wetu tunaufuta. Mtu anayeamini kwamba kilichoandikwa ndicho kilivyo, anaona ameagizwa, na anatafuta hela ya kutuma. Kanuni yetu ni moja: ujumbe wowote wenye neno hela, pesa au namba ya siri unasomwa kwa sauti mbele ya mama kabla ya kugusa kitufe. Namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, na hapo mafunzo ya kumbini kuhusu siri yalitusaidia.

Halafu likaja jambo ambalo hatukuwa tumelifundisha. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga pwani ya kusini, na barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi ikakatwa na maji maeneo ya Somanga, Kilwa. Mabasi yakakwama. Ruangwa hakukuingia basi la Dar. Mpwa wangu alisimama mahali pake nyuma ya kibanda, jioni, magharibi, usiku, hakubali kuondoka, kwa sababu kwake siku haiishi kabla basi halijaingia. Kuli yule alikaa naye mpaka nilipofika kutoka Nachingwea kwa pikipiki. Alikuwa anatetemeka na kurudia saa ya kufika basi, tena na tena. Baada ya hapo tuliandika kadi, ameibeba mfukoni mpaka leo: basi lisipofika saa fulani, muulize mtu wa tiketi, akisema halifiki, piga simu kwa mwenye mzigo, sema "Kesho", nenda nyumbani. Tukaifanyia mazoezi siku ambazo mabasi yalikuwa yanafika vizuri. Kijana kama huyu hujifunza utaratibu upesi. Linalohitaji mafunzo marefu zaidi ni siku utaratibu unapovunjika, na siku hiyo haina budi kuja.

Nieleze kwa nini nasisitiza kuanza mapema. Mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba, matokeo hutoka Januari. Miezi hiyo kijana wa kawaida anapumzika na kuota mipango. Kwa mwenye usonji, kengele, sare na kiti chake cha darasani vinaondoka siku moja, na hakuna kinachoingia badala yake. Nimewaona vijana, mjini Nachingwea na vijijini, waliokuwa wakienda shule kila siku na ambao sasa hawatoki uani. Wamerudi nyuma hata katika kula na kuoga. Mpwa wangu alipata daraja la nne. Jumatatu iliyofuata mtihani alikuwa stendi saa ile ile aliyokuwa akifika baada ya masomo, kwa hiyo maisha yake hayakukatika.

Sheria tunazo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Ni sheria njema, lakini hesabuni waajiri wa ukubwa huo Ruangwa, ukiondoa serikali. Kazi za kwetu ni mikorosho, ufuta, mbaazi, vibanda na pikipiki. Linalotugusa zaidi ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hutolewa kama mikopo bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 ikarejeshwa mwaka uliofuata. Ninaowaona wakiikimbilia ni wenye ulemavu unaoonekana kwa macho. Mwenye usonji hana gongo wala kiti cha magurudumu, na ofisini anaweza kuonekana mkaidi tu. Lazima mtu amsindikize na kumsemea mpaka azoeleke.

Mama yake huniuliza swali lile ambalo kila mama wa namna hii hulibeba: "Kaka, nikifa atabaki na nani?" Nilikataa kumjibu kwa dua peke yake. Tuliitisha kikao cha ukoo, mtendaji wa kijiji akiwapo, tukaandika. Sehemu ya shamba la mikorosho la bibi yake imewekwa kwa jina lake, na amesajiliwa kama mkulima. Tulimzoesha ofisi ya vitambulisho vya taifa, NIDA, kwa kwenda kukaa tu na kutazama, siku ya alama za vidole asije akashtuka. Ana akaunti ya benki, maana malipo ya korosho kupitia chama cha ushirika, AMCOS, huingia huko. Mdogo wake wa kike aliulizwa, hakupangiwa. Alisema atakuwa jirani yake, si mlezi wake wa kila saa, na tuliliandika hivyo hivyo. Baada yangu mimi ameteuliwa mjomba mwingine, na tayari anakuja kukaa na kijana mwisho wa mwezi, ili siku nikiondoka asiwe mgeni.

Wajomba wenzangu wa Nachingwea na Ruangwa, mwenye mpwa wa miaka 12 au 14 asingoje kidato cha nne. Tazameni anapenda nini mpaka mnakasirika, kisha ulizeni ni nani mjini anayehitaji kazi hiyo ifanyike. Kabla ya likizo ya Juni nendeni kwa mtendaji mkaandikishe jina lake katika kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji, na kama kijijini kwenu kamati hiyo haipo, daini iundwe. Na ninyi maofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri zetu mbili, mgao ujao wa ile asilimia 2 usifungwe kabla hamjapita nyumba kwa nyumba kuuliza ni kijana gani aliyemaliza shule na hatoki uani.